Ile 48 tuliyoipigia makofi

Haya ni maneno niliyosema Jumamosi kwenye kikao cha wazazi hapa shuleni kwetu Moshi. Wengine hamkufika sababu ya mvua, wengine mlikuwa sokoni, mkaniomba niyaandike, basi nimeyaandika kama nilivyoongea, nimetoa tu pale maiki ilipokata na pale nilipokuwa nauliza nani kachukua chaki yangu.

Mwenyekiti wa bodi, mkuu wetu wa shule, walimu wenzangu, wazazi wangu wote, tumsifu Yesu Kristo, asalaam aleikum, bwana asifiwe, na shikamooni mnaostahili shikamoo. Kwenye ratiba nimeandikwa "taarifa ya taaluma" na najua kabisa mnachosubiri, mnasubiri mwalimu wa hesabu asome namba moja, mpige makofi, twende kwenye ajenda ya michango maana hiyo ndo inayowafanya mkae macho. Leo namba sitaisoma haraka. Nimeomba dakika ishirini, mkuu kanipa kumi na tano, na mimi nitatumia ishirini na tano, mnanijua.

Nianze na kosa langu mwenyewe. Mwaka juzi nilisimama hapa hapa nikatangaza kwamba kidato cha pili hesabu wamepata wastani wa 48. Mkapiga makofi. Kuna mzee alikuwa kakaa upande ule wa dirishani akasema "aika!" kwa sauti, yaani asante kwa Kichaga, nikafurahi, nikarudi kwenye kiti nikamaliza soda yangu. Maana 48 kwa madaraja ya NECTA, Baraza la Mitihani, ni C, C inaanzia 45 inaishia 64, na darasa zima kuwa na C ya hesabu si mchezo, hesabu inavyonyoa watu nchi hii wote mnaona matokeo yakitoka. Kikao kikaisha salama.

Sasa natoka pale getini mama mmoja akanisimamisha. Anauza ndizi Mbuyuni, alikuwa katoka moja kwa moja sokoni, bado kavaa ile aproni yenye mfuko wa chenji. Akaniuliza, "Mwalimu, samahani, hiyo arobaini na nane ni ya watoto wa bweni au ya wetu wa kutwa?" Nikamwambia ni ya wote mama, tumechanganya. Akanyamaza kidogo, akasema, "Mimi mteja wangu akiona fungu lina ndizi za mshare na za mzuzu pamoja, anafumua fungu kwanza ndo aulize bei." Akapanda bodaboda akaondoka.

Niwaambie ukweli, ile kauli ilinikaa. Usiku nikafungua daftari la alama. Darasa lilikuwa na watoto 50, bweni 40, kutwa 10. Wastani wa bweni nilikuwa nao, 53, mwalimu wa malezi wa bweni alikuwa ameniomba nimpigie wa kwake, huyo naye na mashindano yake. Wa kutwa hakuna aliyeniomba, kwahiyo sikuwa nimepiga. Na kabla sijashika kalamu kichwa changu kilishatoa jibu, na ninyi hapo mlipo vichwa vyenu vimeshatoa, msinidanganye. Bweni wamezidi 48 kwa tano, basi kutwa wamepungua kwa tano, wana 43. Si ndiyo? Nani kapata 43 anyooshe mkono... Haya, zaidi ya nusu ya ukumbi, na mkuu wangu wa shule kanyoosha nusu mkono. (Hapa walicheka sana, mkuu mwenyewe pia.)

Sio 43. Njooni ubaoni.

Wastani ni jumla iliyokatwa vipande sawasawa. Ukipewa wastani unapewa kipande, huwezi kutoa kipande kwenye kipande au kujumlisha kipande na kipande, mpaka urudi kwenye mkate wenyewe. Kwahiyo cha kwanza kabisa, ukipewa wastani wa aina yoyote, irudishe jumla. Watoto 50 wenye wastani wa 48, zidisha, alama zote za darasa ni 2,400. Hapo sawa? Sasa bweni, watoto 40 wenye wastani wa 53, zidisha, wamechukua alama 2,120. Toa kwenye 2,400, zinabaki 280. Hizo 280 ni za nani? Ni za kutwa, hakuna mwingine. Wako 10. Gawanya.

28.

Madaraja mnayajua, D inaanzia 30, F inaishia 29. Yaani mwaka juzi mlipiga makofi kwa C na ndani yake kulikuwa na watoto kumi ambao kundi lao lote kwa wastani lilikuwa F, na mimi ndo niliyewafunika kwa lile blanketi la 48. Sikufanya kwa ubaya. Sikupiga tu hesabu ya mistari mitatu, mimi ninayelipwa kufundisha hesabu.

Sasa kwanini kichwa kinakosea kila siku? Kwa sababu kinadhani wastani wa wote unakaa katikati ya makundi mawili, na ungekaa katikati kama makundi yangekuwa na watu sawa. 25 kwa 25, hapo ungekuwa na haki ya kusema 43. Lakini 40 kwa 10? Watoto hawa mnaowaleta kwangu wamecheza bembea ya ubao, ile ya kuweka ubao juu ya gogo huyu akae huku yule akae kule. Mjomba mnene akikaa huku na mtoto kule ubao unalala, ili ubao ukae sawa mjomba lazima asogee karibu na gogo na mtoto aende mwisho kabisa wa ubao. Gogo ndo wastani wa wote. Mjomba mnene ni kundi lenye watu wengi, anakaa karibu. Kundi dogo linasukumwa mwisho wa ubao.

Hebu angalieni, bweni wako mbali na 48 kwa alama tano tu, lakini wako 40, tano mara arobaini ni 200. Kutwa wako 10, na wao lazima walete 200 upande wa pili ubao ukae sawa, kwahiyo kila mmoja anabeba 20. 48 toa 20 ni 28. Jibu lile lile, na hii njia ya pili unaweza kuifanya ukiwa kwenye daladala bila kalkuleta, unaangalia tu kundi kubwa ni mara ngapi ya dogo, hapa mara nne, basi umbali wa kundi dogo nao ni mara nne ya ule wa kundi kubwa. Mara nne ya tano. Basi.

Mambo ya mizani kwenu si mageni, watu wa mlima huu mmekuwa na ushirika wa kahawa wa KNCU tangu 1933, babu zenu walikuwa wanasimama mbele ya mizani ya chama wanabishana gramu kabla baba yangu hajazaliwa. Kwahiyo nitoe mfano wa kahawa, tuseme, namba ni za kwangu msije mkaenda nazo chama cha msingi kudai. Baba kauza kahawa yake mara mbili msimu huu, jumla kilo 60, na karani kamwambia "wewe mzee kwa wastani umepata shilingi 7,000 kwa kilo". Stakabadhi ya kwanza anayo, kilo 40 kwa 6,400. Ya pili ilikuwa mfukoni mwa koti, koti likafuliwa, mnajua hayo mambo. Anataka kujua mara ya pili aliuza bei gani. Kilo 60 mara 7,000 ni 420,000. Kilo 40 mara 6,400 ni 256,000. Toa, 164,000. Gawanya kwa kilo 20 zilizobaki, 8,200. Sasa mtu wa haraka haraka angesema 7,600, kwa kuwa 6,400 imepungua 600 basi ya pili imezidi 600. Akienda na 7,600 yake kwenye ofisi akalipwa kwa bei hiyo kwenye zile kilo 20 kapoteza elfu kumi na mbili, na kasaini, na kasema asante.

(Mzee mmoja hapa akasema "hiyo imenitokea", nikamwambia mzee tutaongea baadaye, tusije tukamtaja mtu mbele ya maiki.)

Kuna kitu hapo msikiruke. Kwenye alama niligawanya kwa idadi ya watoto. Kwenye kahawa sikugawanya kwa idadi ya safari, kwamba kauza mara mbili basi gawanya kwa mbili, hapana, niligawanya kwa kilo. Hapa ndo watu wanaangukia, hata waliosoma, tena hasa waliosoma. Lazima ujue kigawanyio ni nini. Mama sokoni akikwambia "elfu tatu" unauliza elfu tatu ya sado au ya debe, si ndiyo, huondoki tu.

Mfano wa barabara. Kutoka hapa Moshi mpaka Arusha ni kama kilomita 80. Umepanda Noah asubuhi, foleni, anashusha na kupakia Boma Ng'ombe, anashusha Usa River, anashusha Tengeru, mnafika kwa wastani wa kilomita 40 kwa saa, saa mbili nzima. Abiria mnanung'unika. Dereva anasema msijali wakuu, tukirudi nitafidia, wastani wa kwenda na kurudi utakuwa 80. Mtu anajisemea, sawa, 40 na ngapi nyingine katikati yake ni 80, ni 120, atakimbiza 120, tutakufa ila tutawahi. Jamani. Kwenda na kurudi ni kilomita 160. Kwa wastani wa 80 safari nzima inatakiwa iishe kwa saa mbili. Saa mbili ameshazimaliza kwenda! Anatakiwa arudi Moshi bila kutumia hata dakika moja. Hata umpe ndege pale KIA hawezi. Hapo kigawanyio sio kilomita wala sio safari, ni masaa, na aliyeenda polepole ametumia masaa mengi, kwahiyo ule upole wake ndo mjomba mnene kwenye ubao. Hata akirudi kwa 80, wastani wa safari nzima sio 60, ni kilomita 160 kwa masaa matatu, 53 na kidogo.

Na ile ya sensa niipitie haraka maana mkuu ananiangalia. Sensa ya 2022 ilitukuta watu 61,741,120, Bara 59,851,347 na Zanzibar 1,889,773. Ukigawanya watu kwa eneo, Bara ni kama watu 68 kwa kilomita moja ya mraba, Zanzibar 768. Sasa mtu akijumlisha 68 na 768 akagawanya kwa mbili anapata 418, anakwambia Tanzania ina watu 418 kila kilomita ya mraba. Tungekuwa tunakanyagana. Ya kweli ni 70. Zanzibar ni kama kilomita za mraba 2,460 na Bara ni zaidi ya 880,000, kwahiyo Zanzibar pamoja na msongamano wake wote imeusogeza wastani wa nchi kutoka 68 mpaka 70 tu. Na hapo ndo muone kundi dogo linavyoweza kupotea ndani ya wastani, ukiangalia ile 70 peke yake hutahisi kabisa kwamba kuna sehemu watu wamebanana kiasi kile.

Sasa raha yake, hii hesabu inakamata waongo. Kuna kituo cha tuisheni hapa mjini, jina naliacha, walibandika matangazo kwenye nguzo za umeme kwamba wanafunzi wao 60 wa mkondo A na B wamepata wastani wa 70 kwenye jaribio la mwisho. Mzazi mmoja kaja kwangu na lile tangazo, na mkononi ana karatasi ya matokeo ya mkondo A anaosoma mwanae, watoto 45, wastani 58, chini kuna mhuri. Ananiuliza, "Ticha, nimhamishe mwanangu mkondo B? Inaonekana huko wanafundisha vizuri." Nikamwambia subiri mama nikupigie hesabu, huenda na mimi nikahamia. 60 mara 70, 4,200. 45 mara 58, 2,610. Toa, 1,590. Mkondo B wako 15. Gawanya. Ni 106! Wastani wa 106 kwenye mtihani wa alama mia! Yaani kila mtoto wa mkondo B kapata mia na bado wamekosa pa kuweka alama tisini. (Ukumbi ulivunjika mbavu, ilibidi nisubiri.) Sijui walikosea kuchapa au walikusudia, sikuwepo, ila zile karatasi mbili haziwezi kuwa za kweli zote mbili, na kulijua hilo sikuhitaji kwenda kuona daftari la mtu.

Ila na mimi nisiwauzie mbuzi kwenye gunia, hii njia ina ugonjwa wake na nitawaonyesha kwa zile zile namba zetu. Nilisema darasa 48, bweni 53. Je, zilikuwa 48 kamili na 53 kamili? Walimu tunakata desimali. 47.5 tunaiandika 48, na 48.4 tunaiandika 48. Kitu kidogo, nusu alama, nani anajali. Lakini nusu alama mara watoto 50 ni alama 25, na nusu alama mara 40 za bweni ni alama 20, na hizo zote, kwa sababu tumetoa jumla kwa jumla, zinaenda kumwagikia wapi? Kwa wale kumi. Chukua mbaya zaidi, darasa lilikuwa 47.5 na bweni karibu na 53.5, jumla 2,375 toa 2,140, zinabaki 235, kutwa ni karibu 23.5. Chukua nzuri zaidi, darasa karibu na 48.5 na bweni 52.5, 2,425 toa 2,100, zinabaki 325, kutwa ni karibu 32.5. Umeona? Kutoka 23.5 mpaka 32.5, upande mmoja ni F ya kulala na upande mwingine ni D. Kwahiyo mtu akikupa wastani uliokatwa desimali na wewe unatafuta kundi dogo, usipige kelele sana na jibu lako, mwombe jumla yenyewe au mwombe desimali. Mimi usiku ule nilikuwa na daftari, nikajumlisha alama za wale kumi moja moja, zikawa 280 kweli. Nilijumlisha mara tatu maana nilitamani sana ziwe zaidi.

Na nilipozijumlisha moja moja nikaona kingine, ambacho hesabu ya kutoa na kugawanya isingeniambia kamwe. Wale kumi hawakuwa na 28 kila mmoja. Mmoja alikuwa na 71. Wengine wawili walikuwa na 9 na 11. Wastani wa kundi ukiupata bado hujui ya mtoto wako, kwahiyo mzazi wa kutwa usitoke hapa ukamchape mtu kwa namba ya ubaoni.

Basi nikaanza kuuliza. Kipindi cha ziada cha hesabu nilikuwa nakifundisha saa ngapi? Saa mbili usiku, wakati wa prepo, yaani wa kujisomea usiku. Nani yupo shuleni saa mbili usiku? Bweni. Wa kutwa saa hiyo wapo nyumbani, na wengine nyumbani ni juu kule, wanashuka saa kumi na moja alfajiri na tochi ya simu, njia ya kwenye vihamba, mashamba ya migomba, mvua ikinyesha kiatu anakibeba mkononi anakuja kukivaa hapo kwenye bomba la maji la getini, nimewaona kwa macho yangu. Na mimi nilikuwa naongeza kipindi kwa yule aliyelala hapa hapa. Kila nilivyojitahidi na prepo, ile 53 ilipanda, na darasa lilipanda nayo kwa sababu bweni ndo wengi, na mkuu akanipongeza. Nilikuwa napongezwa na nafasi kati yao inazidi kupanuka. Tukahamisha kipindi, sasa kiko saa nane mchana baada ya chakula, wanasinzia, ndiyo, lakini wote wapo.

Sasa matokeo ya mwaka huu. Nisikilizeni vizuri, hawa ni watoto wengine, sio wale wa mwaka juzi, wale wako kidato cha nne sasa, kwahiyo msije mkasema mwalimu kafanya muujiza, labda hawa wamekuja wenyewe na akili zao. Na hizi namba sijakata desimali, ni kamili, mkuu ana jumla mkononi.

Kidato cha pili mwaka huu wako 56. Wastani wa hesabu, 49. Msipige makofi! Shusha mikono. Bweni wako 42, wastani wao 52. Kutwa wako 14, na wa kwao sisomi. Mna dakika mbili, simu ruksa.

(Simu zilitoka kila kona. Baba mmoja kijana wa mstari wa mbele akawahi, akasema 46 kwa sauti kubwa, nikamwambia baba umekaa katikati ya ubao, rudi. Wengine wakawa wanabonyeza, mmoja anasema mtandao unasumbua, sijui kalkuleta inataka mtandao wa nini. Na nyuma kabisa, karibu na mlango, yule mama wa ndizi, mtoto wake yuko kidato cha nne sasa lakini vikao hakosi, hakuwa hata na simu mkononi.)

"Arobaini," akasema.

Nikamuuliza umepataje mama. Akasema, "Si umesema arobaini na mbili na kumi na nne? Mafungu matatu kwa moja. Wale wamezidi tatu, hawa wamepungua tisa." Basi akanyamaza, kama mtu aliyemaliza kurudisha chenji.

Kwa wanaopenda njia ndefu, 56 mara 49 ni 2,744, toa 42 mara 52 ambayo ni 2,184, zinabaki 560, gawanya kwa 14, ni 40. Ndiyo, D. Bado D. Mwaka juzi ilikuwa 28.

Swali huku... Ndiyo baba. Anauliza, "Kwahiyo bweni wameshuka kutoka 53 mpaka 52, na sisi ndo tunalipa ada kubwa?" Ni kweli baba, wako chini kwa moja, sikufichi, na ukija ofisini nitakuonyesha mada gani imewaangusha, ni maumbo, wote wamekimbia maumbo. Lakini na wewe si umenyoosha mkono wa 43 pale mwanzo, nilikuona.

Mwenyekiti kaangalia saa mara ya tatu. Karatasi za majina ziko kwa mwalimu wa darasa, kutwa dirisha la kushoto, bweni la kulia, na wanaowahi gari la saa tisa la kupanda juu waanze wao. Ajenda ya michango, karibu mwenyekiti.